Kubwa kwa kipimo gani? Simu, wanafunzi na maswali ya maarifa ya jumla

Tangu programu za akili bandia zilipoanza kuenea katika simu za watu, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, hoja moja imekuwa ikirudiwa hapa Lubumbashi, nchini Kongo, kila shule zinapojiandaa kwa mashindano ya génie en herbe, yaani mashindano ya maswali ya maarifa ya jumla kati ya wanafunzi. Inasemwa kwamba hakuna tena sababu ya kumkesheza mtoto akikariri miji mikuu, urefu wa mito na tarehe za uhuru wa mataifa, wakati kifaa kilicho mfukoni mwa baba yake kinaweza kujibu yote hayo kabla mwalimu hajamaliza kusoma swali. Wanaosema hivyo si watu wavivu wala wasiojali elimu. Wengi wao ni wazazi wanaolipa karo kwa shida na wanaotaka saa za mtoto zitumike kwa jambo litakalomfaa, na miongoni mwao wamo pia walimu ambao miaka ya nyuma waliyaandaa mashindano hayo kwa mikono yao wenyewe.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini lawama imewekwa mahali pasipostahili. Simu imelidhoofisha swali la aina moja tu, lile linalodai neno moja bila kutaja kipimo wala tarehe, na swali la namna hiyo lilikuwa bovu tangu zamani, hata pale jibu lilipotafutwa katika ensaiklopidia ya maktaba. Tukiyaacha mashindano kwa sababu ya maswali mabovu, tutapoteza nafasi adimu ambayo mtoto wa Katuba, kwa watu wa kawaida, na mtoto wa Golf, mtaa wa wenye uwezo, huketi mbele ya watu na kushindana kwa kile wanachokijua.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa kwetu. Génies en herbe ilianza mwaka 1972 katika televisheni ya Radio-Canada, ikiwa shindano la wanafunzi, kisha ikasambaa katika nchi zinazotumia Kifaransa hadi jina lake likawa, kwetu Kongo, jina la karibu kila shindano la maswali shuleni. Wazazi wengi waliuzoea mtindo huo pia kupitia Questions pour un champion, kipindi cha televisheni ya Ufaransa kilichoanza mwaka 1988. Historia hii ina umuhimu kwa sababu televisheni ndiyo iliyolipa swali umbo lake: swali fupi, kengele, jibu la neno moja ambalo mtangazaji anaweza kulithibitisha kwa kutupia jicho kadi, kisha swali linalofuata. Umbo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji asiyetaka kusubiri. Shule zikalichukua kama lilivyo, nalo likakutana na mazoea mengine tuliyokuwa nayo tayari, yale ya Mtihani wa Taifa, ambao tangu mwaka 1967 umekuwa lango la kutokea sekondari na ambao una karatasi nzima inayoitwa culture générale, yaani maarifa ya jumla, yenye maswali ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoorodheshwa. Mtoto aliyelelewa kati ya kengele na orodha hiyo hujifunza mapema kwamba kujua ni kutaja jina upesi.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuketi miongoni mwa waamuzi wa shindano la shule mbili hapa mjini. Swali liliuliza ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Msichana mmoja akabonyeza kengele na kusema Tanganyika. Kadi ilisema Victoria. Akaandikiwa sifuri, akakaa, nasi tukaendelea. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunanisumbua hadi leo, kwa sababu msichana yule hakuwa amekosea. Victoria ndilo kubwa kwa eneo: uso wake una takriban kilomita za mraba 68,800, zaidi ya maradufu ya uso wa Tanganyika. Lakini Victoria ni ziwa la kina kifupi, lisilozidi sana mita 80 hata mahali penye kina zaidi, wakati Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na ni la pili duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Ukiyapima maji yenyewe, Tanganyika lina karibu kilomita za ujazo 18,900, na Victoria karibu 2,750. Yaani maji ya Victoria yangemiminwa ndani ya Tanganyika mara sita, na nafasi ingebaki.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Tanganyika limejaza ufa ulioachwa na ardhi inayotanuka katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ufa uleule unaobeba Kivu upande wa kaskazini, na ndiyo sababu likawa refu, jembamba na lenye kina cha kutisha. Victoria limetandazwa katika bakuli pana lisilo na kina, katikati ya matawi mawili ya bonde hilo. Mwanafunzi anayejua kwamba swali la ziwa kubwa lina majibu mawili, na anayejua kwa nini, ameshika mkononi mwake jiolojia ya nusu ya Afrika Mashariki pamoja na ukingo wote wa mashariki wa nchi yetu. Mwanafunzi aliyekariri neno “Victoria” ameshika neno. Na hapa ndipo simu inapoingia, kwa sababu simu ukiiuliza swali lilelile bila kuongeza lolote, mara nyingi itakujibu kama ilivyojibu kadi yetu. Kwa upande huo kadi na simu ni ndugu, na kasoro ya moja ni kasoro ya nyingine. Maneno mawili tu, “kwa eneo” au “kwa ujazo”, yangetosha kulifanya swali kuwa la haki, na shida ni kwamba hakuna aliyeona ulazima wa kuyaandika.

Sharti la pili linaloachwa ni tarehe. Kwa muda mrefu vitabu vya jiografia vilitufundisha kwamba Kongo ni nchi ya tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Sudani na Algeria. Tarehe 9 Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi huru, Sudani ikapungua, na Kongo, ambayo eneo lake la takriban kilomita za mraba 2,345,000 halikuongezeka hata kwa mita moja, ikawa ya pili. Ukweli kuhusu nchi yetu ulibadilika kwa sababu ya jambo lililotokea Juba. Mwaka 2015 majimbo yetu yakaongezeka kutoka 11 hadi 26, kama ilivyokuwa imeandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, na Katanga ikagawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa hiyo swali jepesi kabisa, Lubumbashi ni mji mkuu wa jimbo gani, lina majibu tofauti katika nyumba moja: mjukuu atasema Haut-Katanga, mama yake atasema Katanga, na babu aliyefanya kazi mgodini enzi za Zaire atasema Shaba. Bibi mwenye umri mkubwa zaidi anaweza kuuliza kwanza kama mnazungumzia Élisabethville, kwa maana jina hilo lilidumu tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910 hadi mwaka 1966. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedanganya.

Mfano ambao kila mtu hapa mjini anauelewa bila kuchorewa ramani ni ule wa mpira. Tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu la FIFA dhidi ya Inter ya Milan, baada ya kuwafunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali. Ilifungwa 3 kwa 0, lakini ilikuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika hatua hiyo. Neno “ya kwanza” litabaki kuwa kweli daima. Neno “pekee”, ambalo bado ninalisikia likitamkwa kwa fahari katika maswali ya mashabiki, lilikuwa kweli kwa miaka mitatu tu, hadi Raja ya Casablanca ilipofika fainali mwaka 2013. Mtu anayelinda “pekee” anaipunguzia klabu yetu heshima badala ya kuiongezea, kwa sababu mpinzani yeyote anaweza kumkanusha kwa jina moja, ilhali “ya kwanza” haina mpinzani. Mtoto akielewa tofauti ya maneno hayo mawili kupitia Mazembe, ataielewa pia atakaposoma mkataba wa kazi.

Nirudi sasa kwa wanaosema kwamba simu inatosha. Hoja yao dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwa nini kubeba kichwani kile kilichopo mfukoni? Kuna wanaowajibu kwa kutaja bei ya mega, yaani data za intaneti ya simu, na kukatika kwa umeme. Ni kweli umeme unakatika na mega zinaisha, lakini jibu hilo ni la muda, litakufa siku umeme utakapotulia. Jibu la kudumu ni kwamba mtu huuliza tu kile anachokitilia shaka. Chukua saa. Kongo ina majira mawili ya saa: Kinshasa na magharibi wana saa zao, na sisi wa mashariki, Lubumbashi, Bukavu na Goma, tuko mbele kwa saa nzima. Kijana anayeomba nafasi ya masomo na kuambiwa kwamba mwisho wa kupokea maombi ni saa fulani ya Kinshasa, anahitaji kujua kwamba kuna jambo la kuuliza hapo. Yule wa Kinshasa anayeahidiwa jibu kwa saa za Lubumbashi anaweza kufika amechelewa bila kushuku lolote. Simu ingewajibu wote wawili kwa usahihi kama wangeiuliza, ila kinachomfanya mtu aulize ni ile punje ya maarifa ya jumla iliyokaa kichwani mwake bila kutarajiwa kuwa na faida.

Zaidi ya hapo, jibu la uongo husafiri kwa mwendo uleule wa jibu la kweli, na hilo lilijulikana kabla ya simu. Mmarekani mmoja, Fred Worth, alipoandika ensaiklopidia ya maswali madogomadogo, aliingiza ndani yake kwa makusudi jibu la kubuni, jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa televisheni, ili amnase yeyote atakayemwibia. Baadaye jina hilo la kubuni likaonekana katika kadi za mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Canada mwaka 1979, naye akafungua kesi mwaka 1984. Alishindwa, kwa kuwa mahakama iliona kwamba taarifa za ukweli hazina mmiliki. Kinachonigusa katika kesi hiyo ni safari ya jina lenyewe: mtu mmoja alilibuni, wengine wakalinakili, na wachezaji wakapewa au kunyimwa alama kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Programu zinazojibu leo zimefunzwa kwa maandishi mengi sana yaliyonakiliana kwa namna hiyohiyo, na huandika kosa kwa lugha iliyonyooka sawa na ile zinayoandikia ukweli. Wa kulikamata kosa hilo ni mtu ambaye tayari anajua kitu kilicho karibu nalo.

Lakini watetezi wa mashindano nao wasifikiri kwamba wameshinda. Kuna wanaosema kwamba kukariri kwenyewe hujenga akili, kama vile kubeba mizigo hujenga misuli, na kwamba haijalishi kinachokaririwa. Sikubaliani nao. Mtoto anayeweza kutaja miji mikuu ya nchi zote za Afrika bila kujua kwamba Burundi ilihamishia makao yake ya kisiasa Gitega mwaka 2019, au bila kujiuliza kwa nini Côte d'Ivoire ilichagua Yamoussoukro mwaka 1983 huku shughuli nyingi zikibaki Abidjan, amejaza ghala bila kujua kilichomo. Hoja yao yenye nguvu ni nyingine, na huwa hawaitumii: kwamba anayejua mambo mengi madogo husoma kwa urahisi zaidi, kwa sababu kila habari humkuta na kitu cha kuishikilia. Hapo ninawaunga mkono kabisa.

Kuna pia kundi la tatu, ambalo nina huruma nalo zaidi, linalotaka maswali yawe ya kwetu. Wanauliza kwa nini mtoto wa Kampemba aulizwe juu ya wafalme wa Ufaransa wakati hajui historia ya ardhi anayoikanyaga. Wana haki, ila ukaribu wa swali hauliponyi ubovu wake. Swali tunalolipenda sana hapa ni lile la asili ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jibu ni Shinkolobwe, kengele inalia, ukumbi unashangilia. Je, ni nani anayeuliza kwa nini Shinkolobwe? Madini yake yalikuwa na wastani wa karibu asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi ya kwingineko haikufikia hata asilimia moja. Mgodi ule ulichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu, iliyosafishwa Ubelgiji, na urani yenyewe ilionekana kama mabaki. Na vita vilipopamba moto, mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, Edgar Sengier, alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, ambako yalikaa ghalani hadi Wamarekani walipokuja kuyaulizia. Katika jibu la neno moja hakuna mfanyakazi aliyeyabeba magunia hayo, wala bei, wala uamuzi uliofanywa bila Wakongo. Jibu hilo linatuachia fahari peke yake, na fahari ya namna hiyo ni nyepesi mno kwa jambo zito kama lile.

Ndugu zetu wa Goma wana mfano ulio mkali zaidi, kwa kuwa kwao jibu nusu linaweza kuua. Ukiuliza ni gesi gani iliyomo katika ziwa Kivu, jibu linalotarajiwa ni methani, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa katika mipango ya umeme na ndiyo iliyochomwa katika mtambo wa upande wa Rwanda tangu mwaka 2016. Methani ipo kweli, takriban kilomita za ujazo 60. Lakini ziwa lina pia kaboni dioksaidi, takriban kilomita za ujazo 300, yaani mara tano zaidi, na hiyo ndiyo iliyotoka katika ziwa Nyos la Kameruni mwezi wa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 katika usiku mmoja. Wenyeji wa Goma hawakusubiri kitabu ili waijue hatari hiyo. Wana neno lao, mazuku, kwa mabonde madogo ambamo gesi hii, iliyo nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, hasa usiku na alfajiri wakati upepo haujavuma, na kuwamaliza mbuzi na hata watu wanaoingia humo. Mwanafunzi atakayejibu “methani” atapata alama zote. Mama anayemkataza mtoto wake kushuka shimoni alfajiri ndiye mwenye jibu kamili, na hakuna shindano nililowahi kuliona lililotenga alama kwa ajili ya neno lake.

Neno hilo linanifikisha kwenye lugha. Kadi zetu karibu zote ni za Kifaransa, ilhali Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba, na ndicho watoto wanachobishania mambo hayohayo wakirudi nyumbani. Sipendekezi kukiondoa Kifaransa, kwa kuwa mtihani ni wa Kifaransa. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anapolazimika kueleza kipimo na sababu, badala ya kutaja jina, lugha anayofikiria inaanza kuwa na uzito, na ni haki aruhusiwe kuitumia katika maelezo.

Yote haya yana matokeo ya vitendo kwa wanaoandaa msimu ujao, nayo si ya gharama. Kila kadi iandikwe nyuma yake kipimo kilichotumika, mwaka ambao jibu lilihakikiwa, na mahali lilipotolewa, na kadi isiyo na mambo hayo isiingie ukumbini. Alama zigawanywe: moja kwa jina, mbili kwa sababu, hata kama hilo litapunguza idadi ya maswali kutoka 40 hadi 15 kwa jioni moja. Simu ziruhusiwe katika duru moja, na katika duru hiyo wanafunzi wapewe jibu lililotolewa na simu na kuulizwa ni lini na kwa kipimo gani jibu hilo lingekuwa kosa. Wazazi watalalamika kwamba mchezo umepungua kasi, na ni kweli, utapungua. Na kabla ya lolote kati ya hayo, mwanafunzi apewe haki ambayo sheria za sasa za mashindano mengi hazimpi, ya kubonyeza kengele ili kumuuliza mwamuzi kabla ya kumjibu. Msichana yule wa Tanganyika angeitumia haki hiyo. Angeuliza, kubwa kwa kipimo gani, na sisi watatu mezani tungelazimika kutazamana.